Flashi ya kuwashia kompyuta: imetoka wapi?

Wadau, leo naweka pembeni nadharia za ufundishaji. Tangu muhula uanze nimeulizwa swali lilelile mara nyingi sana hapa hosteli: "Mbona nimekopi Windows kwenye flashi na kompyuta haiioni?" Jibu lake ni historia, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Historia (na Kiswahili, msinisahau), nitalijibu kihistoria.

Tuanzie kwenye ujinga wa kompyuta. Ukibonyeza kitufe, mashine haijui Windows ni nini wala Linux ni nini. Kuna programu ndogo tu kwenye chipu ya madabodi, inaitwa BIOS. Inaamka, inapima viungo vyake, kisha inaenda kwenye diski kusoma kipande cha kwanza kabisa, baiti 512 basi. Ndani ya kipande hicho ndimo yalimo maelekezo ya kuuamsha mfumo mzima. Ndiyo maana wewe uliyekopi faili lako la ISO umekwama: faili limo ndani ya flashi, salama kabisa, lakini pale mlangoni hakuna aliyesimama kumpokea mgeni.

Utaratibu huo wa kusoma kipande cha kwanza tunao tangu IBM PC ya 1981. Mashine ile ilitoka bila diski kuu ndani. Ukitaka kutumia DOS unachomeka flopi kwanza ndipo uwashe. Kwa hiyo flopi ndiyo babu wa flashi zetu.

Sasa ruka hadi 1995. Agosti ilitoka Windows 95, ama kwenye flopi 13 (ya kumi na mbili ikiharibika utalia) ama kwenye CD moja. Watu wakashangilia CD, kumbe kuna kituko: ili kompyuta isome CD ilihitaji programu ya kuiendesha, programu hiyo inapakiwa na mfumo, na mfumo wenyewe umo kwenye CD. Ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya chumba. Ikabidi utafute flopi moja ya kuamshia mashine, ndipo CD isomeke. Dawa ilikuwa imeshaandikwa Januari ya mwaka huohuo, na kampuni za Phoenix na IBM: CD ijifanye flopi! Waraka wao wakauita El Torito, jina la mgahawa wa vyakula vya Kimexico kule California. Nani kasema wahandisi hawana utani? Lakini ilichukua miaka kabla mashine nyingi hazijaweza kuielewa hila hiyo.

CD ilipoweza kuwasha kompyuta yenyewe, mambo yakabadilika. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, Linux nzima inayofanya kazi kutoka kwenye CD bila kugusa diski yako. Oktoba 2004 ikaja Ubuntu ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kuanzia 2005 ukijaza jina na anwani ya posta unaletewa CD bure, hata stempu hulipi. Hapa nasimama kidogo. Kwa kaka na dada zetu waliokuwa vyuoni wakati ule, kushusha MB 700 kwenye intaneti kafe ilikuwa ndoto. Barua ya posta ilikuwa na kasi kuliko mtandao! Huduma hiyo ilifungwa Aprili 2011.

Na flashi? IBM ilianza kuuza yake mwishoni mwa 2000, ikiitwa DiskOnKey, MB 8 tu. Ila BIOS za enzi hizo hazikuijua. Ukikuta mashine kongwe, fungua orodha ya BIOS utaona USB-FDD, USB-ZIP, USB-HDD. Maana yake flashi nayo ilitakiwa ijifanye flopi, au diski ya Zip, au diski kuu. Uongo uleule wa CD! Kwa maoni yangu hiyo ndiyo historia nzima ya jambo hili: kila mgeni ameingia ndani kwa kuvaa nguo za aliyemtangulia.

Kilicholazimisha flashi ni vilaptopu kama Asus Eee PC ya 2007, visivyo na sehemu ya CD. Mwaka huohuo ikatoka UNetbootin. Mwaka 2009 Microsoft nao wakatoa kifaa chao cha Windows 7, wakakiondoa Novemba baada ya kugundulika kina msimbo wa programu huria ndani, kisha wakakirudisha Desemba chini ya leseni huria ya GPL. He he he. Desemba 2011 Pete Batard akatoa Rufus, ambayo naitumia hadi leo. Hizi zote zinaweka faili na kumsimamisha mtu mlangoni.

Mashine mpya zina UEFI, ambayo haiendi kwenye baiti 512. Inatafuta faili ndani ya folda iitwayo EFI. Ndiyo maana mwenzako akifungua ISO na kukopi yaliyomo kwenye flashi ya FAT32 anaweza kufanikiwa, wewe mwenye laptopu ya zamani ukashindwa. Ila FAT32 haibebi faili la GB 4 na kuendelea, na Windows za sasa mara nyingi zina moja kubwa hivyo.

Kwa nini nahangaika na haya? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na laptopu zetu nyingi za bumu hazina chipu ya TPM 2.0 inayodaiwa na Windows 11. Kompyuta za shule tutakazoenda kufundisha ndiyo usiseme. Linux nyepesi inaziamsha, bila kumlipa fundi.

Nina ISO ya Linux tayari. Mwenye flashi ya GB 8 anipitie chumbani kabla ya Ijumaa, lakini hamishia notsi na picha zako kwingine kwanza, maana Rufus inafuta kila kitu.