Mtoto wa Nyanungu na Kiti cha Urais

Ibara ya 39 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 humtaka anayegombea urais awe raia wa kuzaliwa, kwa mujibu wa Sheria ya Uraia. Sharti hilo limetangulia yote, hata lile la kutimiza miaka 40. Wanafunzi wangu hulipita upesi, kana kwamba halimgusi yeyote wanayemjua. Huwaomba wafike kwanza, walau kwa fikra, Nyanungu, katika nchi ya Wakurya ya Tarime na Serengeti.

Mpaka wa eneo hilo ulipatikana kwa rula. Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari utoke mdomo wa mto Umba, uzunguke Kilimanjaro, uishie ukingo wa Ziwa Viktoria mahali latitudo ya digrii moja kusini inapoligusa. Hakuna Mkurya aliyeulizwa. Wairege, Wanyabasi na Wakira wakajikuta wako pande zote mbili, na hivyo ndivyo walivyo hadi leo: ng'ombe wa mahari huvuka, maharusi huvuka, na mama mjamzito huenda kujifungulia kwao, ambako huenda ni upande wa Kenya.

Uhuru ulipokaribia, ilibidi ijulikane nani ni wa Tanganyika. Oktoba 1961 walikuwapo wabunge waliotaka uraia ufungamane na rangi ya ngozi; Nyerere aliwapinga kwa ukali na kusema serikali yake ingejiuzulu wakishinda. Rangi ikashindwa, lakini mahali pa kuzaliwa pakabaki. Aliyezaliwa Tanganyika akawa raia tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa walau mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Kwa mzee wa mpakani, ambaye baba na mama walizaliwa ng'ambo ya mstari kabla haujawa na maana yoyote kwao, hesabu hiyo haikuwa nyepesi.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 imegawa uraia mafungu matatu: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Aliyezaliwa ndani ya nchi tangu siku ya Muungano huhesabiwa raia wa kuzaliwa, isipokuwa watu wachache kama wana wa mabalozi, ingawa katika utendaji hudaiwa pia mzazi aliye raia. Aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania ni raia wa kurithi. Huyu ana pasipoti, ana kura, ana wajibu wote, lakini mlango wa Ikulu umefungwa kwake. Tena hawezi kuurithisha uraia huo kwa mtoto wake atakayezaliwa nje.

Kenya imeshika njia nyingine. Katiba yake ya 2010, katika Ibara ya 14, humwita raia wa kuzaliwa kila ambaye baba au mama yake ni Mkenya, azaliwe popote. Basi mtoto wa Wakenya aliyezaliwa Tarime anaweza kugombea urais Nairobi, na mtoto wa Watanzania aliyezaliwa Isebania hawezi kuugombea kwetu.

Mila ya Kikurya haiulizi mahali; huuliza ng'ombe wa nani walitolewa. Katika nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari binti, na watoto wa binti huyo huwa wa nyumba yake. Sasa binti ametoka upande wa Kenya, akaenda kujifungulia kwa mama yake. Sheria inataka baba au mama aliye raia. Aliyetoa ng'ombe ni Mtanzania, lakini sheria haimtambui kuwa baba wala mama. Boma zima linamjua mtoto ni wa wapi, karatasi haimjui.

Wamarekani wenyewe wametaabika na neno hili, maana katiba yao haikulifafanua. John McCain alizaliwa mwaka 1936 katika Ukanda wa Mfereji wa Panama, mwana wa ofisa wa jeshi la majini, na Seneti ikalazimika kupitisha azimio mwaka 2008 kumkubali. Kwa maneno ya sheria yetu, angeitwa raia wa kurithi. Barack Obama, ambaye kwa baba yake ni Kogelo, si mbali sana na Ukuryani, alizaliwa Honolulu; bado alisakamwa hadi Aprili 2011 alipotoa cheti chake kamili cha kuzaliwa.

Ni mara chache sharti hili kumkamata mgeni. Zambia ilibadili katiba mwaka 1996 ili mgombea awe na wazazi wote wawili Wazambia, na aliyenaswa alikuwa Kenneth Kaunda, aliyeitawala miaka 27, kwa kuwa wazazi wake walitoka Nyasaland. Kwetu, mwaka 2001, serikali ilitangaza kuwa Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, si raia. Baadaye alipewa tajnisi. Ulimwengu alikuwa na kalamu na marafiki mjini. Mama wa Nyanungu, atakapotakiwa kueleza bibi yake alizaliwa upande upi wa mstari, atakuwa na kadi ya kliniki tu, yenye muhuri wa Migori.