Orodha ya Bustani ya Luxembourg

Mwaka 1866 William Nylander, mtaalamu wa mimea kutoka Ufini aliyehamia Paris, alichapisha orodha ya likeni za bustani ya Luxembourg. Alikuta aina zaidi ya 30 kwenye miti ya bustani hiyo, katikati ya jiji. Humo akasema kwamba likeni zinaweza kutupimia uzima wa hewa. Nimefundisha sayansi Tanga mpaka kustaafu, na bado naiona kauli hiyo kuwa ya ajabu, kwa sababu wakati huo hapakuwa na mtambo wa kupimia moshi wa jiji.

Hakuwa wa kwanza kushuku. Mwaka 1859 Leo Grindon wa Manchester alikwisha kuandika kwamba likeni za pande zile zinapungua, akautaja moshi wa viwanda. Lakini Nylander aliacha majina: bustani moja, aina moja baada ya nyingine. Ndiyo maana alipoandika tena mwaka 1896 kwamba zimetoweka, maneno yake yalikuwa ushahidi. Natamani shule zetu zilizo kando ya barabara kuu zichore na kuandika sasa kila kinachoota kwenye magome ya miembe yao, wakati bado kipo.

Likeni ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja. Kuvu hushika gome na kuhifadhi maji, mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Haina mizizi, wala haina ile nta inayokinga jani, kwa hiyo mvua na ukungu hupenya mwilini na kila kilichomo. Moshi wa makaa ya mawe hubeba dioksidi ya salfa, nayo ikiyeyuka majini huwa asidi na kuharibu klorofili ya mwani. Mti hupukutisha majani yaliyochafuka ukachipua mengine. Likeni hukua milimita chache tu kwa mwaka, hivyo sumu ya miaka hujilimbikiza ndani yake. Gome nalo huchacha. La mwaloni lina asidi kwa asili, na likeni zake huzidiwa mapema. Nylander mwenyewe alikataa mpaka kufa kwamba likeni ni viumbe wawili, jambo alilolieleza Simon Schwendener katika miaka ya 1860, na hilo hunisikitisha.

Pwani yetu inazo likeni zake. Marere, waliyoyachuma wazee mitini, yaliuzwa kupitia Unguja kwenda Ulaya katika karne ya 19 kutengenezea rangi ya zambarau. Likeni za jamii hiyohiyo ndizo zilizotoa litimasi, ile rangi ya karatasi tuliyochovya kwenye maji ya ndimu darasani ikageuka nyekundu.

Lakini Uingereza ilichelewa kulisikia onyo la likeni kuhusu moshi. Desemba 1952 ukungu wenye moshi uliifunika London, na hesabu ya kwanza ilikuwa watu wapatao 4,000 waliokufa. Sheria ya Hewa Safi ilipitishwa mwaka 1956. Mwaka 1970 David Hawksworth na Francis Rose walitoa kipimo cha ngazi kuanzia 0 hadi 10: ukitazama likeni zilizoota kwenye shina, unakadiria salfa iliyomo hewani. Waliweka safu mbili, moja ya magome yenye asidi, nyingine ya magome yaliyorutubishwa kwa vumbi na samadi. Mtu mwenye kioo cha kukuzia na macho mazuri angeweza kuchora ramani ya hewa ya wilaya nzima.

Mwaka 1981 haohao wawili waliandika kwamba likeni zinarudi London, na mwaka 1991 watafiti wengine waliandika kwamba zimerudi kwenye miti ya Luxembourg. Lakini katika miji mingi ya Ulaya zinazostawi sasa ni zile zinazopenda nitrojeni, kama Xanthoria parietina ya manjano, kwa kuwa salfa imepungua na magari na mashamba yanaongeza gesi nyingine. Kipimo cha 1970 kilitungwa kwa ajili ya salfa, kwa hiyo leo mti uliojaa likeni unaweza kuwa umesimama kwenye hewa chafu, na mtazamaji hana budi kujua ni likeni ipi aliyo nayo mbele yake.