Ujirani Kama Kipimo cha Usomaji: Mkristo wa Bute na Maandishi ya Mtandaoni

Mwalimu Mkristo anayepangiwa kazi Bute, Wajir Kaskazini, karibu na mpaka wa Ethiopia, hufika na imani iliyolelewa na kwaya, jumuiya ndogondogo na ibada ya Jumapili. Anakuta mji wa Waislamu, ambako Wakristo ni wachache na wengi wao ni wafanyakazi wa kuja: walimu, wauguzi, askari polisi. Simu ndiyo inayoshika nafasi ya parokia. Usiku, bando likiruhusu, anasoma anachotumiwa na waumini wenzake wa nyumbani. Ninadai kwamba sehemu kubwa ya usomaji huo haimfai, na kwamba anayempendekezea la kusoma angeanza kwa kuuliza: litamsaidiaje kuishi na jirani yake?

Makala nyingi za Kikristo zinazosambazwa huchukulia kwamba msomaji ana kanisa mtaa wa pili na majirani wa dini yake. Humshauri kuhusu fungu la kumi, ndoa na malezi, kisha humtaka apande mbegu kwa namba ya malipo iliyoandikwa chini ya mahubiri. Hilo la mwisho nalilaani waziwazi: ni kumnyang'anya mtu mpweke. Kuna pia mijadala ya kushindanisha Biblia na Kurani, inayoendeleza mihadhara ya hadharani iliyovuma Tanzania na pwani ya Kenya tangu miaka ya 1980. Humpa msomaji hoja za kuwashinda watu ambao kesho asubuhi atawafundishia watoto.

Tuchukue mwezi wa Ramadhani. Saa nne, wakati wa mapumziko, wenzake wengi katika chumba cha walimu wamefunga, naye ana chupa yake ya chai. Ainywe palepale, au aende nayo nyumbani? Jioni akialikwa kufuturu, aitikie? Akiitikia, aombeje kabla ya kula? Mwenye duka amemwandikia unga na mafuta kwenye daftari la deni mpaka mshahara uingie, bila rehani wala shahidi. Kuaminiwa hivyo kunamdai nini zaidi ya kulipa? Maswali haya ni ya imani kamili, na teolojia inayoyapuuza haijafika Bute.

Yako maandishi yanayoyakabili. Yeremia 29 ni barua kwa waliohamishiwa Babeli, ikiwataka wajenge, walime bustani na kuuombea amani mji wa ugenini. Waraka wa kwanza wa Petro uliandikiwa wageni waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia. Waraka kwa Diognetus, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa karne ya 2, una sura 12 fupi zinazosomeka bure mtandaoni. Hoja yake mashuhuri ni kwamba Wakristo hawatengwi na wengine kwa nchi, lugha wala mavazi, bali mwenendo wao ndio unaoshangaza.

Wa karibu zaidi ni Annalena Tonelli, Mkatoliki mlei kutoka Italia aliyefika Kenya mwaka 1969 na kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu huko Wajir. Wafugaji hawakuweza kulazwa hospitalini miezi mingi, hivyo walikaa kwenye manyatta yao wenyewe wakimeza dawa chini ya uangalizi mpaka wapone. Alipaza sauti kuhusu mauaji yaliyofanywa na vikosi vya usalama vya Kenya huko Wagalla, karibu na mji wa Wajir, Februari 1984, akalazimika kuondoka Kenya. Aliuawa Borama, Somaliland, mwaka 2003. Katika ushuhuda alioutoa Vatikani mwaka 2001, anawataja wagonjwa wake Waislamu kuwa ndio waliomfundisha kujiachia kwa Mungu. Kwa Mkristo wa Bute, ushuhuda huo mmoja ninauweka mbele ya mamia ya tafakari za asubuhi.

Atakayesema kwamba msomaji huyu anahitaji faraja kwanza, simpingi. Novemba 2014 abiria 28 wasio Waislamu waliuawa na magaidi katika basi la Mandera, walimu wakiwamo. Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Hofu yake ina msingi. Lakini Desemba 2015, karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo basi lao liliposhambuliwa. Salah Farah, mwalimu Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Habari zake zimo katika hifadhi za magazeti. Kikundi cha kanisa kinachotuma picha za Garissa kila Aprili bila kumtaja Farah kinawapa waumini wake nusu ya ukweli, na nusu hiyo inawadhuru.

Tatizo lililobaki ni lugha. Biblia ya Kiswahili inapatikana bure kwenye simu, na Vatican News ina ukurasa wa Kiswahili, lakini Diognetus na Tonelli husomwa zaidi kwa Kiingereza na Kiitaliano. Vyuo vyetu vya teolojia, Tangaza na St. Paul's cha Limuru vikiwamo, vina wanafunzi wanaoweza kuyatafsiri maandiko hayo kama kazi ya muhula mmoja na kuyaweka mtandaoni kwa maandishi matupu, bila video, yafunguke hata pale mtandao unapokuwa hafifu.