Nyotamkia na Wenye Kauli Juu Yake: Ulaya, 1577 hadi 1773

Novemba mwaka 1577 nyotamkia kubwa ilitokeza katika anga la Ulaya, na wachapaji wa Ujerumani hawakuchelewa kuifanyia biashara. Waliuza karatasi zenye picha yake na maelezo ya balaa ilizokuja nazo: tauni, njaa, vifo vya wafalme, majeshi ya Waturuki. Wakati huohuo, katika kisiwa cha Hven, kilichokuwa cha Denmark wakati huo, mtaalamu wa falaki Tycho Brahe alikuwa akiipima. Aristotle alifundisha kwamba nyotamkia ni mvuke wa dunia unaowaka chini ya mwezi, kwa kuwa juu ya mwezi hakuna kinachozaliwa wala kinachokufa. Kama ingekuwa karibu kiasi hicho, mtu wa Hven na mtu wa Prague wangeiona mahali tofauti kabisa mbele ya nyota za nyuma yake. Tycho alilinganisha vipimo vya mahali hapo pawili na kukuta tofauti ni ndogo mno. Nyotamkia ilikuwa mbali kuliko mwezi, ikikata njia palepale ambapo wanafalsafa walisema pana tabaka za mbingu ngumu kama bilauri. Masimulizi mengi ya historia ya sayansi huishia hapo, kana kwamba kipimo kilipoingia hofu ilitoka. Lakini katika taarifa ya Kijerumani aliyomwandalia mfalme wake, Tycho huyohuyo alieleza pia mabaya ambayo nyotamkia ile ilitabiri.

Kwa hiyo ugunduzi peke yake haukubadili fikra. Kilichobadilika Ulaya, polepole na kwa karibu miaka mia mbili, ni jibu la swali la nani mwenye kauli juu ya mambo ya mbinguni na kwa sharti gani watu wamwamini. Ushahidi wa kwanza unatoka nje ya Ulaya. Nyotamkia ileile ya 1577 ilitazamwa na Taqi al-Din, mkuu wa kituo cha falaki cha Istanbul, ambaye vyombo vyake vilikaribiana sana na vya Tycho. Alimfasiria Sultani Murad wa Tatu kuwa ni bishara njema kwa vita dhidi ya Uajemi. Mwaka 1580 kituo kile kilibomolewa kwa amri ya Sultani. Asitokee mtu wa kusema kwamba Ulaya ilikuwa na akili zaidi: Tycho naye aliposhindwa kuelewana na mfalme mpya alikihama kisiwa chake mwaka 1597, na majengo yake hayakudumu. Tofauti ni kwamba vipimo vyake vilikuwa vimekwisha kutoka mikononi mwake. Vingine vilichapwa, vingine vikarithiwa na Johannes Kepler. Elimu iliyosambaa hivyo haifi kwa kubomoa jengo moja.

Wapo watakaosema kikwazo kikuu kilikuwa Kanisa, na watataja kesi ya mwaka 1633 ya Galileo, aliyehukumiwa kwa kutetea kwamba dunia huzunguka jua. Kesi hiyo haina ubishi, ila katika suala la nyotamkia mambo yalikwenda kinyume na tunavyotarajia. Baada ya zile zilizoonekana mwaka 1618, Orazio Grassi, padri Mjesuiti wa Collegio Romano, alisema kwamba ziko juu ya mwezi. Galileo alimdhihaki kwa ufundi mkubwa katika kitabu chake cha mwaka 1623, akidai kwamba huenda nyotamkia si kitu bali ni mwanga unaorudishwa na mvuke. Padri ndiye aliyekuwa sahihi. Wala miaka hiyo haikuwa ya nuru tupu kwa wengine: Kepler, ambaye tayari alikuwa ametoa kanuni za mwendo wa sayari, alilazimika kumtetea mama yake mzazi, Katharina, aliyeshtakiwa kwa uchawi na kufungwa hadi mwaka 1621. Hesabu na hofu ya uchawi vilikaa pamoja katika jamii moja, tena katika nyumba moja.

Mabadiliko makubwa yalianza pale nyotamkia ilipoingia katika ugomvi wa dini na siasa. Pierre Bayle, Mprotestanti wa Ufaransa aliyekimbilia Rotterdam baada ya chuo alichofundisha huko Sedan kufungwa mwaka 1681, aliitumia ile ya mwaka 1680 kuandika kitabu ambacho kwa kweli hakihusu falaki. Aliuliza kwa nini Mungu atume ishara ambayo wapagani wangeitafsiri kuwa amri ya kuabudu sanamu zao. Kisha akasogea hatua ambayo wengi hawakumtarajia kuifikia: kwamba jamii ya watu wasioamini Mungu inaweza kuishi kwa adabu na sheria. Hapa pana pingamizi la maana zaidi. Yawezekana wasomi waliacha kuziogopa nyotamkia kwa sababu walichoshwa na manabii wa mitaani, hasa Uingereza, ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimewafunza watawala kwamba utabiri huzaa fujo. Ninalikubali kwa sehemu. Siasa inaeleza kwa nini watu wa juu walitaka kauli ihame kutoka kwa watabiri; haielezi kwa nini ilipohama ikabaki huko.

Jibu la hilo liko kwa Edmond Halley, mtaalamu wa falaki wa Uingereza. Kwa kutumia kanuni za Newton za mwendo na mvutano, zilizochapwa mwaka 1687 kwa fedha za Halley mwenyewe, alikokotoa njia za nyotamkia 24 na kuchapisha matokeo mwaka 1705. Aliona kwamba zile za 1531, 1607 na 1682 ni moja, akasema itarudi mwaka 1758. Watabiri wa kale walisema mengi bila kujifunga. Halley alijifunga kwa mwaka, akafariki 1742 bila kuuona. Huko Paris, Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na Nicole-Reine Lepaute walikesha kwa miezi wakikokotoa jinsi sayari za Mshtarii na Zohali zinavyoivuta nyotamkia hiyo. Wakakuta itachelewa siku 618 na itafika karibu kabisa na jua katikati ya Aprili 1759, wakiacha nafasi ya kukosea kwa mwezi mmoja. Ilifika tarehe 13 Machi. Clairaut alipochapisha kitabu chake hakumtaja Lepaute, na kama Lalande asingeandika juu ya kazi yake, mchango wa mwanamke huyo ungepotea. Kauli ilikuwa imehama, lakini si kwa kila mtu.

Hata hivyo, aliyeiona kwanza, usiku wa Krismasi ya 1758, hakuwa mwanachama wa akademia ya Paris. Alikuwa Johann Georg Palitzsch, mkulima wa kijiji karibu na Dresden aliyejifundisha falaki. Anayedai kwamba sayansi hii iliwahusu wakubwa tu hana budi kutueleza habari za mtu huyu. Ni kweli kwamba wakulima wengi hawakuwa kama yeye, na hofu haikuisha. Ilibadili sura tu. Mwaka 1773 uvumi ulienea Paris kwamba Lalande amekokotoa kuwa nyotamkia itaigonga dunia, ilhali makala yake, ambayo hata hakupata muda wa kuisoma mbele ya akademia, ilizungumzia tu uwezekano wa nyotamkia kuikaribia. Taharuki ilikuwa kubwa. Watu walitaka kujua hesabu zinasema nini, na aliyelazimika kuwatuliza kwa tangazo gazetini alikuwa Lalande mwenyewe.