Kiti cha Guka si Kuni

Kuna sheria Kenya ambayo wengi wetu hatujawahi kuisoma, na inahusu kile kiti kiko ushago kwenu. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kuwa cha kale kama kilitengenezwa ama kuletwa nchini kabla ya 1895. Sasa piga hesabu. 1895 ndio mwaka Waingereza walitangaza utawala wao huku Afrika Mashariki. Embu waliingia na bunduki mwaka 1906, na Meru wakafuata muda mfupi baadaye. Kumaanisha karibu kila kabati na kila kiti cha mikono kwenye nyumba za wazee, kuanzia Runyenjes hadi Nkubu, hakihesabiki. Ndio, Waziri anaweza kutangaza kwamba kifaa fulani kinalindwa. Lakini nani atabeba kabati la shosho hadi ofisini kwake?

Kwa hivyo wasee, hizo fanicha hazina mlinzi mwingine. Ni sisi tu.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya misumari kulikuwa na kigoda. Mchongaji alichukua gogo moja, akatoa kikalio na miguu yote kwa gogo hilo hilo. Hakuna kiungo, hakuna gundi, kwa hivyo hakuna mahali pa kulegea. Kigoda kilikuwa cha mwenyewe, na mzee angeweza kwenda nacho barazani. Ukikiangalia vizuri utaona pale katikati pamelainika na kung'aa. Hiyo si vanishi. Hiyo ni miaka ya mtu kukaa.

Halafu wakaja wamishenari na useremala wao wa randa na misumari. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ikaanza kufunza mafundi Kabete. Miaka ya 1930 Meru, Embu na Kisii zikawa kati ya sehemu za kwanza ambapo Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa. Pesa ya kahawa ikafika hadi sebuleni: meza, viti vya mikono, kabati la vioo la kuweka vikombe vya wageni. Na mbao nzuri ilikuwa hapo hapo. Muringa ulikuwepo, na muuru pia, ule mti Waingereza waliuita mwaloni wa Meru ingawa si mwaloni hata kidogo. Ni ndugu ya mfudu wa Pwani.

Sasa jiulize: mbona basi vitu vya enzi hiyo ni vichache hivi? Mchwa wamekula vingine, sawa. Lakini usisahau 1954. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilihamisha zaidi ya watu milioni moja wa eneo la Mlima Kenya na kuwaingiza kwenye vijiji vya lazima zaidi ya 800, vyenye mitaro na walinzi. Nyumba nyingi zilizoachwa zikachomwa ama kubomolewa. Ukiambiwa uhame leo, unabeba mtoto, sufuria na blanketi. Hubebi kabati. Kwa hivyo kiti chochote cha kabla ya 1954 kilichobaki kwa familia yenu kilipona vita. Na sisi tunakiweka kwa banda la kuku ndio sofa mpya itoshee.

Tena mbao ya kutengeneza kingine kama hicho haipatikani kirahisi. Mwaka 1999 KWS walipaa juu ya msitu wa Mlima Kenya na kukuta kafuri zimekatwa kwa maelfu. Muuru nao leo uko kwenye orodha ya miti iliyo hatarini. Ukichoma kiti cha muuru, umechoma pia mti ambao huenda usiuone msituni.

Sasa tufanye nini? Si lazima uwe na pesa. Kwanza, kiondoe kwenye jua la dirisha na mbali na jiko, kwa sababu mbao ikikauka haraka inapasuka. Kisiguse ukuta wenye unyevu. Kigeuze mara kwa mara uangalie chini: ukiona vitundu vidogo na unga laini, kuna wadudu ndani, kwa hivyo kitenge na vingine kabla ya kutafuta dawa. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, usimwagie maji. Na tafadhali, usikipige msasa na rangi ya kung'aa ati kionekane kipya. Ukifanya hivyo unafuta kila alama iliyoachwa na mkono wa fundi. Mguu ukilegea, tafuta seremala wa kuunganisha kwa gundi, si wa kugonga msumari wa inchi tatu. Na vile vitambaa vya shosho tunavyovicheka vina kazi: vinazuia jua, jasho na mikwaruzo.

La mwisho ndilo la maana zaidi. Muulize guka ama shosho kiti kilitoka wapi, nani alikichonga, kwa mbao gani, kilinunuliwa mwaka gani. Rekodi kwa simu, halafu andika kwa karatasi. Watafiti wa Kenya na wenzao wa Ujerumani wameorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo kwenye makumbusho za nje. Vingi vimekaa huko na namba, lakini jina la aliyevitengeneza halipo. Kiti bila hadithi ni mbao tu, iwe kiko London ama Gakoromone.

Wauzaji wa vitu vya kale duniani huhesabu miaka 100. Viti vya miaka ya 1920 vinafika huko sasa hivi, tukiwa hai. Mtu akija na pikapu na elfu mbili mkononi, mwambie akae kwanza. Kwa kiti kingine.