Kundi la kujitolea linapobisha hodi: Mambo ya kutayarisha mapema

MGENI siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Hata hivyo, yuko mgeni anayeomba jembe siku ile ile anapowasili: kundi la wafanyakazi, wanachuo au waumini wanaotoka mjini kujitolea kwa siku moja. Wenyeji wasipojiandaa, wageni hao huondoka na picha, nao wenyeji wakabaki na kazi maradufu.

Kazi za aina hii si ngeni nchini Kenya. Wito wa Harambee uliotolewa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1963 ulizaa shule nyingi zilizojengwa kwa nguvu za wananchi. Mnamo Novemba 13, 2023, serikali ilitenga siku ya mapumziko ili Wakenya wapande miti, lengo likiwa miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032.

Tuchukue mfano wa shule ya umma eneo la Moiben, Kaunti ya Uasin Gishu, inayotarajia wageni 40 kutoka Eldoret kupanda miche 200.

Kwanza, shule ijiulize: je, kazi hii tungeihitaji hata kama wageni wasingekuja? Kazi ya fundi, kama vile kuunganisha umeme au kuezeka paa, aachiwe fundi.

Pili ni idhini na gharama. Bodi ya Usimamizi, inayotambuliwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ihusishwe mapema, nao wazazi na chifu waarifiwe. Iandikwe ni nani atakayelipia miche, chakula na usafiri. Si aibu kumwomba mgeni achangie. Aibu ni kutumia pesa za chakula cha wanafunzi kumkirimu.

Tatu ni tarehe. Moiben ni nchi ya mahindi na ngano, hivyo wiki za kupanda na za kuvuna ziepukwe kwani wazazi huwa mashambani. Mwezi Mei, mvua ikiwa imekolea, unafaa kwa miti. Kwa kuwa mvua ya huku hupenda kunyesha alasiri, kazi ianze saa mbili asubuhi na kukamilika kabla ya saa saba.

Nne ni vifaa. Watu 40 wakigawanywa wawili wawili ni jozi 20, kila jozi miche 10. Yatahitajika majembe 20 na viongozi wanne, kila mmoja akisimamia watu 10. Mashimo yachimbwe siku kadhaa kabla, na ua ujengwe kabla ya miche kufika, la sivyo ng'ombe na mbuzi wataimaliza. Kila mtu aelezwe kwamba mfuko wa plastiki huondolewa kabla ya mche kutiwa shimoni.

Tano ni usalama. Pawe na maji ya kunywa, vyoo, sanduku la huduma ya kwanza na gari la dharura. Mgeni asiachwe peke yake na mtoto. Aidha, picha za wanafunzi zisipigwe bila ridhaa ya wazazi, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Siku yenyewe ikifika, hotuba ziwe fupi. Waliokuja kufanya kazi wasikalishwe chini ya hema hadi jua la utosi.

Hatimaye, shule ikumbuke kwamba kupanda si kukuza. Ni nani atakayenyunyiza maji Januari, wakati wa kiangazi? Kila darasa likabidhiwe safu yake, miche ihesabiwe baada ya miezi mitatu, sita na 12, na idadi iliyosalia hai, iwe kubwa au ndogo, ipelekwe kwa wageni. Atakayesoma hesabu hiyo kwa makini ndiye wa kualikwa tena.