Kuufuatilia Weupe wa Kibo

Barabara ya Voi kwenda Taveta inapita jirani na njia aliyoishika mmisionari Johannes Rebmann mwaka 1848, alipotoka Rabai na kiongozi wake, Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya Mlima Kilimanjaro akajua ni theluji. Huko London, William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alimkatalia katakata.

Wachagga, wenyeji wa mlima huo, hawakuhitaji kumsubiri mmisionari. Rebmann mwenyewe alisimuliwa kwamba Mangi (mtawala) Rongua wa Machame aliwahi kutuma watu wakapeleleze kitu kile cheupe. Akarudi mmoja tu, viungo vimeharibiwa na baridi. Kwangu mimi hao ndio wachunguzi wa kwanza wa theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na inaniuma kwamba majina yao hayamo kwenye vitabu vya shule.

Vipimo vilikuja baadaye. Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler walipiga picha za kupimia mlima, na kutokana na ramani yao barafu ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 12 hivi. Takwimu za leo za kupungua kwake huanzia hapo.

Baadaye kazi hiyo ilihamia angani: setilaiti ya kwanza ya Landsat, ya kupiga picha za Dunia, ilirushwa Julai 1972. Zilizofuata miaka ya 1980 zilibeba kifaa chenye uwezo wa kutenganisha theluji na mawingu, maana kwa macho vyote ni vyeupe. Theluji hurudisha mwanga wa kijani kwa wingi lakini humeza sehemu fulani ya infraredi, ambayo mawingu mengi huirudisha. Rangi zikipangwa upya, mawingu hubaki meupe na kilele hugeuka samawati ya kung'aa, hata ukingo wa barafu ukaweza kuufuata kwa kidole.

Ila ukingo huo hudanganya. Theluji ikianguka usiku, picha ya asubuhi huonyesha Kibo kimenenepa, kumbe barafu ya kale imefunikwa tu. Ndiyo maana wapimaji huchagua picha za kiangazi, theluji changa ikishatoweka. Kwa njia hiyo ilibainika kwamba kufikia 2011 zilibaki kilomita za mraba 1.76.

Mwaka 2002 mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake walitabiri kwamba barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Bado ipo, na wapo wanaolitumia hilo kupuuza jambo zima. Wanakosea: inaendelea kusinyaa. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hewa imekauka na theluji imekuwa haba. Theluji mpya huikinga barafu kwa kurudisha jua. Isipoanguka, uso mkavu, wenye vumbi, hulinyonya jua hilo, na sehemu ya barafu hugeuka mvuke bila hata kuwa maji.

Kwa hiyo theluji ile ile inayovuruga vipimo ndiyo inayoamua uhai wa barafu, na picha za setilaiti hazionyeshi kina cha theluji hiyo. Hilo linahitaji mtu huko juu. Tangu mwaka 2000 watafiti wamekuwa wakipanda hadi kwenye mtambo wa hali ya hewa waliousimika juu ya barafu ya kaskazini, kusoma theluji imefika wapi.